Mwalimu wa Udongo wa Ghalani

Kuvaa hakukuwa somo. Mwalimu alitupa ovaroli nyeupe, glavu jozi mbili kila mtu, barakoa, miwani na gambuti, akatoka nje kuvuta sigara, na aliporudi alitaka kutukuta tumeshavaa. Somo lilikuwa kuvua. Wiki mbili nzima tulifundishwa kuvua, watu wazima kumi na wanane, wengine wetu tuna wajukuu, na kila siku tulikosea.

Alikuwa akitupaka manjano. Kabla ya zoezi alipita na bakuli, akatumwagia unga wa manjano kwenye glavu, kifuani na kwenye gambuti, kisha akatuambia tuvue bila yeye kuona doa hata moja kwenye ngozi. Kwanza unaosha gambuti. Halafu glavu za juu. Halafu ovaroli unaiviringisha, ya ndani ikawa nje, mpaka miguuni, unatoka ndani yake taratibu. Halafu miwani, halafu barakoa. Glavu za ndani mwisho kabisa, na hapo hapo unanawa. Sisi tulianza na barakoa, kila mmoja wetu, kwa sababu ya joto na kwa sababu tulikuwa na maneno ya kusema.

"Mtu wa Pwani akitoka kazini," alisema, "kinywa chake hutangulia."

Kassim, fundi wa baiskeli, ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko sote. Siku ya pili akamwambia, "Manjano yote haya, Mwalimu, si bora ungetupikia mchuzi?"

"Mchuzi utakula kwenu. Geuka nione shingo."

Shingo ya Kassim ilikuwa na doa kubwa chini ya sikio.

"Hiyo ni sumu. Umempelekea mkeo, naye amempakata mtoto. Rudi mwanzo."

Kassim akarudi mwanzo. Wanawake tulicheka, mpaka tulipogeuzwa sisi nasi.

Ghala lenyewe liko nyuma ya nyumba zetu, huku Likoni, ng'ambo ya uwanja wa shule ya chekechea tuliyofundishiwa, tukikaa kwenye viti vya watoto huku magoti yakitugusa kidevu. Chama cha ushirika kilichokuwa kikiweka humo dawa za wadudu wa mikorosho kilikufa zamani, kikaacha mapipa na magunia. Paa likaanguka, mapipa yakatoboka kwa kutu, na kila masika maji yaliteremka na vilivyokuwamo. Tulizoea harufu. Mbuzi wakifa tulisema ni maradhi ya mbuzi. Hata walipokuja watu wa kupima, wakazungusha utepe na kusimamisha kibao chenye picha ya fuvu, wapo waliofunga kamba ya kuanikia nguo kwenye nguzo ya kile kibao. Mimi ni mmoja wao.

Wengi waliingia darasani kwa ajili ya kazi. Tuliahidiwa kwamba watakaofuzu ndio watakaosafisha kiwanja, si watu wa kuletwa kutoka mbali, na baada ya hapo kulikuwa na viwanja vingine Changamwe vinavyongoja mikono. Mimi nilitaka kisima changu. Kisima cha nyumba yetu kiko kwenye kona, hatua chache kutoka ukuta wa ghala, na nyumba saba za upande wetu zilikitegemea tangu sijaolewa pale. Wapimaji walikijengea zege juu, wakatia mfuniko wa chuma na kufuli, ufunguo nikaachiwa mimi. Tangu siku hiyo twanunua maji ya mitungi, na siku mkokoteni usipopita twajipangusa tu kwa kitambaa. Siku ya kwanza kila mtu aliulizwa amekuja kutafuta nini. Niliposema kisima, wenzangu waliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliandika kitu kwenye kijitabu chake, na mchana akaja mwenyewe kutazama, akauzunguka ule mfuniko mara mbili bila kuugusa.

"Mama Zuhura, kona hii ndiyo mbaya kuliko zote," aliniambia. "Maji yote ya ghala huishia hapa. Udongo huu utoke kwanza, kisha maji yapimwe. Usifungue mpaka nije mimi mwenyewe nikwambie fungua. Asikwambie mtu mwingine."

"Inshallah, Mwalimu."

"Inshallah ni ya Mungu. Wewe nipe ahadi yako."

Nikampa.

Alikozaliwa sikujui, wala sikuwahi kuwaona watu wake wakati ule. Nilijua kwamba yeye ni Mgiriama, anakaa Junda, anavuka feri kila asubuhi, na hajawahi kufika kwa wakati. Mtu aliyetuhesabia sekunde za kunawa mikono alichelewa kila siku ya Mungu, na kila siku kosa lilikuwa la feri. Hata siku aliyolala kwa ndugu yake Mtongwe, upande wetu huu huu wa maji, alichelewa, na alipoulizwa alisema feri. Alisema bila kutabasamu. Mpaka leo sijui kama ulikuwa mzaha.

Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikuwa na kucha. Kassim alitutungia visa vya papa na vya mke mwenye wivu, na Mwalimu alivisikiliza vyote kwa utulivu kama mtu anayesomewa gazeti. Mwisho mama mmoja akamuuliza wazi. Akasema zamani alikuwa akipakua mapipa bandarini kwa mikono mitupu. "Tulikuwa wanne," alisema. "Hakuna aliyetufundisha." Kassim hakutunga tena.

Na mtu huyo huyo alivuta sigara kutwa. Tulimwambia, ewe Mwalimu, watukataza vumbi nawe wajaza moshi kifuani. Alikubali kila neno. Alisema kifua chake amekiharibu mwenyewe, kwa pesa zake, na hakuna bosi aliyemfanyia. Jibu lile liliniudhi sana wakati ule. Baadaye nilikuja kulielewa, ingawa bado laniudhi.

Kula hakuli. Hilo ndilo lililotuumiza zaidi, kwa sababu kwetu mgeni asiyeonja chako amekutukana. Nilikuwa nikiuza mahamri na mbaazi kabla ya mafunzo, na kila asubuhi nilimpelekea sahani iliyofunikwa. Kila asubuhi aliirudisha kwa mkono wa kulia na shukrani nyingi, akanywa maji yake aliyoyabeba kwenye dumu kutoka Junda. Alisema hali chochote kilichopikwa karibu na ghala, na sisi ndio tuliokuwa karibu na ghala, tukila na kuwalisha watoto wetu. Nilimwona ana dharau. Siku ya mwisho ya mafunzo alikuja nyumbani kwangu, akauliza maji ya kukandia unga nimenunua wapi, akanawa mpaka kwenye viwiko, akakaa barazani akala mahamri sita. Alipomaliza aliniambia kwamba harufu ya yale mahamri ilimtesa wiki zote zile.

Kwa wakubwa wa mradi alikuwa na ulimi mkali. Msimamizi alipotaka kupunguza siku za mafunzo, akileta barua inayosema kwamba tumeshaiva, Mwalimu aliikunja ile barua akairudisha. "Udongo hausomi karatasi," alimwambia mbele yetu. Tulilipenda neno lile, tukalisema mitaani mpaka watoto wakalishika. Lakini kwa mwanafunzi mzito alikuwa na subira ya ajabu. Tulikuwa na mama mmoja asiyejua kusoma, na mifuko ya udongo ilitakiwa kuandikwa. Msimamizi alitaka kumwondoa. Mwalimu akamfundisha kazi ya kufunga midomo ya mifuko: sokota, kunja, funga, kunja tena, funga mara ya pili. Ndani ya siku tatu hakuna aliyefunga kama yeye. Mwalimu aliuchukua mfuko wake mmoja, akaujaza maji, akauning'iniza dirishani, na haukutoa tone mpaka kesho yake.

"Nani anakukimbiza?" Hilo ndilo alilolisema kuliko yote. Ukiharakisha sepetu, nani anakukimbiza. Ukipanda ngazi mbili kwa mpigo, nani anakukimbiza. Ndani ya ovaroli ile jasho hujaa kwenye gambuti, ukitembea unasikia maji yakichezacheza, na kila mtu anataka amalize atoke. Yeye alitaka tuchoke polepole. Wakati ule sikujua kama kuna namna mbili za kuchoka.

Siku ya mtihani hakuleta manjano. Alileta pilipili ya kusaga. Akatupaka kama kawaida, akaketi kwenye kiti cha mtoto, akasema leo hakagui mtu shingo, kila mtu atajikagua mwenyewe. Kassim alivua vizuri sana, hatua kwa hatua, akatoka akitutambia, kisha akajifuta jasho la jicho kwa mkono ambao hajaunawa. Kelele zake zilisikika mpaka msikitini. Mwalimu ndiye aliyemsafisha jicho, kwa maziwa aliyokuwa ameshayanunua asubuhi, kwa hiyo alijua. Kassim alirudia mtihani kesho yake akapita, na tangu hapo hakuna aliyenawa mikono zaidi yake.

Kazi yenyewe ilituchukua miezi. Kiwanja kiligawanywa kwa vigingi na kamba kuwa miraba, na kila mraba ulichimbwa, ukapimwa, ukachimbwa tena ikibidi. Tulinyunyiza maji vumbi lisiruke, tukajaza mifuko, tukafunga, tukapanga, malori yakachukua. Hakuna cha kusimulia hapo isipokuwa mgongo. Niliwahesabia majirani miraba iliyobaki, nao waliniuliza kila jioni. Kona ya kisima iliwekwa mwisho kwa sababu ndiyo ya chini kabisa, na Mwalimu hakutaka mvua iteremshe uchafu mahali palipokwisha kusafishwa.

Tulikuwa tumebakisha miraba miwili siku aliyorudi shangazi yangu.

Shangazi ndiye aliyenilea. Aliweka akiba ya Hija tangu mimi ni mtoto, na mwaka ule Mungu akamjalia. Aliposhuka garini asubuhi ile hakwenda kwake. Kwetu, aliyerudi Hija hupokewa mkono kabla hajaingia nyumbani mwake, kwa kuwa dua yake wakati huo haina kizuizi, na shangazi alitaka dua ya kwanza iwe yangu. Akaja mpaka kwenye kamba, kwa nguo zake nyeupe, akanyoosha mkono juu ya kamba.

"Njoo, mwanangu. Njoo nikuombee, sijaingia kwangu bado."

Nilikuwa upande mchafu, mikono imejaa udongo. Ningeweza kumwambia angoje. Ningeweza kumpungia. Wallahi sikufikiri hata kidogo. Nani anampa mtu aliyetoka Makka mkono wa mpira? Nilivua glavu za juu, nikavua za ndani, nikashusha barakoa, nikaupokea mkono wake nikaubusu. Akaniombea kwa sauti, kirefu, kuhusu wanangu na kisima na riziki, akanipangusa jasho la paji la uso kwa kiganja chake. Kisha akaitikia amina, akajipangusa uso wake mwenyewe kwa viganja hivyo hivyo.

Wakaguzi wa mradi walikuwa wamefika dakika chache kabla, wamesimama na msimamizi kivulini. Waliona yote.

Nilimwona Mwalimu akikimbia mara moja tu maishani, na ilikuwa siku ile. Alikuja na beseni, sabuni na birika la maji. Nilidhani atafoka. Alipofika kwenye kamba alipunguza mwendo, akavua kofia.

"Hujambo, mama. Hongera ya Hija, Mungu aipokee. Karibu kwetu. Hapa kila mgeni tunamnawisha, mikono na uso, ndiyo heshima yetu."

Shangazi alifurahi. Alinawa kwa sabuni mara tatu, Mwalimu akimmiminia taratibu, akimwuliza habari za Makka, joto lake na wingi wa watu. Akampa taulo jipya akamwambia aende nalo nyumbani. Shangazi aliondoka akisema kwamba yule Mgiriama ana adabu kuliko Waislamu wengi anaowajua.

Baada ya hapo Mwalimu akaenda kivulini. Sikusikia yote, lakini niliyoyasikia yalinitosha. Alisema kamba ameifunga yeye, ameifunga karibu mno na njia, na kosa ni la mwalimu si la mwanafunzi. Wakaguzi walisema wenyeji hawawezi kazi hii. Msimamizi, ambaye siku zote alitaka kuleta watu wake, alisema amekuwa akilisema hilo tangu mwanzo.

Kwangu Mwalimu hakufoka. Alinitazama tu, akaniambia nikavue upya, kwa utaratibu, mbele yake. Nilivua nikilia. Nilipomaliza kunawa akasema, "Shangazi yako asijue. Mtu ametoka Makka. Asiambiwe kwamba mkono wake umeleta balaa."

Tukasimamishwa, sote kumi na wanane. Mtaani ilitangazwa kwamba ni kwa sababu ya mvua, na kweli mvua ilinyesha, kwa hiyo watu waliamini. Kassim na wenzangu walijua, lakini walilinyamazia kwa ajili yangu, na mpaka leo nawashukuru. Msimamizi akaleta kampuni, na watu wake na mashine, wakazungushia kona mabati, wakafanya kazi siku chache. Mabati yalipoondolewa palikuwa na udongo mwekundu uliosawazishwa vizuri.

Wiki mbili baadaye tukaitwa kwenye hema kupokea vyeti. Hapo hapo ikabandikwa karatasi kwenye mlango wa mzee wa mtaa: kiwanja chote kimesafishwa na maji ya kona yamepimwa, hayana neno. Sahihi ya Mwalimu ilikuwa kwenye kila cheti na kwenye ile karatasi pia. Watu walipiga vigelegele. Yeye alikaa pembeni, karibu na kamba za hema, akivuta, na sahani ya pilau waliyomletea ilipoa mapajani mwake. Nilikwenda kumpa mkono wa kwaheri nikangoja aseme neno moja tu. Alisema, "Hongera, Mama Zuhura." Nikaendelea kusimama. Akasema anakimbilia feri.

Tangu hapo nafanya kazi Changamwe, kwa cheti kile. Ni kazi ile ile, udongo mwingine. Wenzangu wengi wapo, na Kassim ndiye kiongozi wa zamu yetu. Nikirudi nyumbani miguu imevimba, la kwanza kunilaki ni swali la kisima. Majirani walikuwa na haki. Karatasi ipo, sahihi ipo, na ufunguo uko kwangu. Mwaka wa kwanza nilisema namngoja Mwalimu, alinipa neno lake nami nikampa langu. Nilimpigia simu. Alisema, "Naja, Mama Zuhura. Ni feri tu." Nikapiga tena baada ya mwezi, akasema vile vile. Kisha simu ikawa haishikwi. Mwaka wa pili majirani waliacha kunibembeleza. Maji ya mkokoteni yalikuwa hayapatikani, Ramadhani ilikuwa inakaribia, na wanawake walikutana barazani kwangu wakaamua bila kuniuliza: Alhamisi jioni kisima kitafunguliwa, kwa ufunguo wangu au kwa spana ya Kassim. Shangazi, ambaye siku hizi twamwita Hajjati, ndiye aliyeniambia kwa upole kwamba nimezidisha.

Alhamisi asubuhi niliomba ruhusa kazini, nikaenda Junda kumtafuta.

Nyumba nilionyeshwa kwa urahisi. Binti yake alinipokea, akaniambia baba hatoki siku hizi, kifua. Nilimkuta amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, shuka imemfunika miguu katika joto lile. Alikuwa amepungua nusu. Sigara hazikuwepo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Zuhura." Alipumua kwanza. "Umekuja."

"Nimekuja kukuuliza. Leo majirani wataka kufungua. Nifungue?"

Alimwomba binti yake aniletee chai, akamngoja mpaka akatoka.

"Usifungue."

Nilijua. Nafikiri nilijua tangu siku ya hema. Nikakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa.

"Karatasi yasema safi, Mwalimu. Ina sahihi yako."

"Ni yangu."

"Hawakuchimba?"

"Walimwaga udongo mwekundu juu. Maji hawakupima. Nilisimama pale nikawaambia chimbeni, wakaniambia siku za mkataba zimeliwa na kule kusimama." Akavuta pumzi, na pumzi ilichukua muda mrefu. "Jioni ile msimamizi aliniletea karatasi mbili. Moja ya kiwanja, moja ya vyeti vyenu. Akasema ama zote mbili, ama hakuna. Na hakuna mwenyeji atakayepata kazi Changamwe. Watu kumi na wanane. Yule mama wa kufunga mifuko. Nikatia."

"Na kwa nini hukuja kunambia? Miaka miwili!"

"Nilikuwa naja. Kila wiki nilikuwa naja." Alitazama dirishani. "Kukwambia fungua nisingeweza. Na nikikwambia usifungue, vyeti vimekwenda. Nikaona nikinyamaza, utangoja. Uliniahidi."

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia kwa mitungi yote niliyoibeba, kwa maneno ya majirani, kwa jinsi alivyoniweka mlinzi wa uongo wake bila kunilipa hata kwa ukweli. Na papo hapo nilikuwa nimevaa viatu nilivyonunua kwa mshahara wa sahihi ile ile, na nauli ya kumfikia pia ilitoka humo. Nilimpenda pia mzee yule. Nilikuwa nimechoka mno kuchagua moja, nikanywa chai.

Nilipoinuka kuaga alisema, "Waambie ni mimi niliyewadanganya. Nitaje. Mimi sina tena cheti cha kunyang'anywa."

Nilifika nyumbani kabla ya magharibi. Walikuwa wamekwisha kukusanyika kwenye kona, na ndoo na kamba mpya. Kassim alikuwa na spana. Hajjati alikaa kwenye kiti walichomtolea, tasbihi mkononi, kwa kuwa walitaka ndoo ya kwanza isomewe dua.

"Hatufungui," nikasema. "Kona haikuchimbwa. Na maji hayakupimwa."

"Nani kasema?"

"Mwalimu. Natoka kwake."

"Si ndiye aliyetia sahihi?"

"Ndiye. Alitia ili sisi tupewe vyeti."

Kassim aliweka spana chini. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Na kazi zetu je?" Nikamwambia sijui. Nikasema kesho nitakwenda na mzee wa mtaa ofisini kwa watu wa kupima, warudi wapime, na litakalokuwa liwe. Aliuangalia ule mfuniko wa kisima, kisha akaiangalia mikono yake.

Jirani yangu wa ukuta mmoja hakuridhika. "Mwatuchezea," alisema. "Mlikuwa mwachimba vizuri mpaka hapa, mkabakisha hatua mbili. Tukaambiwa mvua. Mvua gani ya kuzuia miraba miwili?"

"Haikuwa mvua," nikasema. "Ni mimi. Nilivua glavu ndani ya kamba, wakaguzi wakaniona. Ndiyo tukasimamishwa, ndiyo siku zikaisha. Msimlaumu Mwalimu peke yake."

Kassim aliinamisha kichwa. Hajjati aliacha kuhesabu tasbihi, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipovunja kikombe utotoni.

"Wewe? Uliyefundishwa wiki mbili nzima? Ulivua kwa nini, mwanangu?"

"Joto, shangazi," nikasema. "Kulikuwa na joto."

"Si ungestahimili kidogo tu," akasema Hajjati, na majirani wote wakamuunga mkono.